Kalamu ya Padri, Muhuri wa Serikali

Vilima vya Pugu viko kilometa 20 hivi kutoka Posta. Kwa mkazi wa leo wa Gongo la Mboto au Mbagala, Pugu ni mnada wa ng'ombe na stesheni ya treni kabla ya kuwa historia. Lakini huko ndiko walikofikia, mwanzoni mwa mwaka 1888, watawa Wabenediktini kutoka St. Ottilien, Ujerumani. Shirika lao lilikuwa changa, maana Andreas Amrhein alilianzisha mwaka 1884 tu, ila kanuni waliyoishika ilikuwa kongwe mno: ni ile ya Benedikto wa Nursia, ya karne ya 6, ambayo chini yake monasteri za Ulaya zilitunza vitabu na kufundisha watoto kusoma katika Zama za Kati. Mwaka mmoja baadaye, Januari 1889, wapiganaji wa vita vya Abushiri walikivamia kituo chao. Baadhi ya watawa waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, na majengo yakabaki magofu. Haikufika miaka 70 tangu siku hiyo, na katika vilima hivyo hivyo shule ya Kikatoliki ilikuwa inamlipa mshahara mwalimu wa historia aitwaye Julius Nyerere, huku vijana kutoka pembe zote za Tanganyika wakigombea nafasi ya kuketi mbele yake. Ilikuwaje shule iliyopokelewa kwa mikuki ikaja kuwa mlango ambao kila mwenye haja alilazimika kuupita? Majibu ya kawaida ni mawili, na yote mawili yanapungua. La kwanza husema wamisionari walileta nuru gizani. La pili husema walileta hila. Historia ya Dar es Salaam na viunga vyake inaonyesha jambo jingine: nguvu ya shule ya kanisa haikutoka katika kalamu ya padri peke yake. Ilitoka katika muhuri wa mtawala aliyekubali kwamba kalamu hiyo ndiyo itakayoandika barua zake.

Tuanze na Ulaya yenyewe, maana huko ndiko mtindo ulikoshonwa. Dola ya Warumi ilipovunjika upande wa magharibi, shule za mijini zilififia pamoja na watumishi waliokuwa wakizihitaji. Kilatini cha maandishi kikabaki mikononi mwa watawa na maaskofu, kwa sababu ibada haikuweza kwenda bila kitabu. Mwaka 789 mfalme Charlemagne, akishauriwa na wasomi kama Alcuin wa York, alitoa agizo kwamba kila monasteri na kila makao ya askofu yawe na shule ya kufundisha watoto zaburi, nota, hesabu na sarufi. Sababu aliyoitoa ni ya dini: watu wasimwombe Mungu kwa maneno yaliyokosewa. Lakini mfalme mwenye ardhi pana alihitaji pia waandishi wa hati, wapokeaji wa ripoti na wasomaji wa sheria, na hakuwa na mahali pengine pa kuwapata. Hivyo shule iliyojengwa kwa ajili ya madhabahu ikawa kiwanda cha ofisi. Muungano huo ulikuwa mzito kiasi kwamba neno la Kilatini la mtu wa kanisa, clericus, ndilo lililozaa neno la Kiingereza la karani. Uingereza ilifika mbali zaidi: kuanzia karne ya 14 mshtakiwa aliyeweza kusoma mstari wa Zaburi mbele ya mahakama alihesabiwa kuwa mtu wa kanisa, na mara nyingi aliokoa shingo yake na kitanzi. Mstari ule ulikuwa ni ule ule katika kila kinywa. Uliokoa watu mahakamani kwa sababu mfalme alikuwa amekubali kuutambua.

Mtindo huo ulipovuka bahari ulikuta hali ambayo Ulaya ya Charlemagne haikuwa nayo. Pwani ya Waswahili ilikuwa imeshaandika kwa karne nyingi. Ushahidi ulio karibu zaidi na sisi ni maneno yanayosemwa kila asubuhi katika darasa lolote la Temeke au Kinondoni. Mwalimu, darasa, kitabu, kalamu, karatasi, daftari, hesabu, mtihani: yote yalifika kwetu kwa njia ya Kiarabu, na mengi yalikuwa kinywani mwa watu kabla ya mmisionari wa kwanza kushuka chomboni. Neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu, kisha likawa jina la mahali ambapo mtoto alisomeshwa Kurani, na msomi akaitwa mwanachuoni. Ndiyo maana nchi ilipopata taasisi yake ya juu ya elimu haikuwa na haja ya kutafuta mbali. Ilikikuza chuo na kukiita chuo kikuu. Katika orodha hiyo yote, neno kubwa la kigeni kutoka Ulaya ni moja: shule, lililotoka kwa Wajerumani, kama Zanzibar ilivyopata skuli kutoka kwa Waingereza. Lugha imetunza kumbukumbu kwa uaminifu kuliko vitabu vingi. Inatuambia kwamba Mzungu alileta jina la nyumba, lakini vyombo vya ndani alivikuta. Mji ambao Sultani Majid alianza kuujenga miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima ulikuwa mji wa watu wenye hati na mikataba, na Wajerumani wenyewe, walipoanza kutawala, walipokea na kutuma barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Hilo linaeleza kwa nini shule za mwanzo za kanisa hazikustawi mjini. Zilipanda vilimani na kukimbilia pembeni: Wabenediktini Pugu, na baada ya Pugu kuteketea, Kurasini, ambako leo ziko ofisi za Baraza la Maaskofu Katoliki; Walutheri wa Ujerumani Kisarawe na Maneromango, ndani ya Uzaramo. Zilianza pia na watu wa pembeni. Huko Bagamoyo, Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua mwaka 1868 kijiji cha watumwa waliokombolewa, na watoto wakafundishwa kusoma, useremala na kilimo. Zanzibar, Waanglikana wa UMCA waliwakusanya wavulana waliotolewa kwenye majahazi ya biashara ya utumwa katika shule ya Kiungani. Miongoni mwa watu wa mwanzo wa misheni hiyo ni John Swedi, aliyepewa ushemasi mwaka 1879, na Cecil Majaliwa, aliyepewa upadri mwaka 1890. Hapa mfanano na Zama za Kati ni wa kushangaza. Monasteri za kale zilijaza madawati yao kwa watoto waliotolewa na wazazi kama sadaka, watoto ambao baada ya hapo hawakuwa na ukoo mwingine ila nyumba ya watawa. Kiungani na Bagamoyo zilijaza madawati yao kwa watoto ambao ukoo wao ulikuwa umekatwa na mnyororo. Mahali pote pawili shule ya kanisa iliota kwa wale ambao hakuna mjomba wala shangazi aliyekuja kuwadai. Mzaramo mwenye baba, shamba na mwalimu wa Kurani jirani hakuona haja ya kumpeleka mwanawe kwa padri.

Kama nuru au hila peke yake ingekuwa na uwezo wa kugeuza jamii, basi enzi ya Wajerumani ingetosha kuthibitisha. Kufikia mwaka 1914 misheni zote za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilikuwa na wanafunzi zaidi ya 150,000, na shule za serikali zilikuwa na takriban 6,000 tu. Kwa hesabu hiyo mtu angetarajia ofisi zijae Wakristo. Hazikujaa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imefungua shule zake bila mafundisho ya Ukristo, kuanzia ile ya Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, kwa shabaha ya kuwavuta watoto wa pwani, na humo ndimo ilimochota makarani, wakalimani na maakida wake. Wengi wao walikuwa Waislamu. Kleist Sykes, aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929, alitoka katika shule ya aina hiyo ya Wajerumani hapa Dar es Salaam. Wamisionari walinung'unika kwamba serikali ilikuwa inautandaza Uislamu hadi bara kwa kutumia Kiswahili na watumishi wa pwani. Manung'uniko hayo ni ushahidi mzuri kuliko takwimu. Yanaonyesha kwamba mtoto aliyesoma katekisimu kwa miaka mitatu chini ya mwembe wa Maneromango alikuwa na kalamu, lakini hakuwa na muhuri. Na mtoto wa mji aliyesoma miaka michache katika shule ya serikali alikuwa na vyote viwili. Madhehebu yalikuwa yale yale, mapadri wale wale, ari ile ile. Kilichokosekana ni mtawala kusema kwamba huyu ndiye mwandishi wangu.

Waingereza ndio waliolisema neno hilo. Walirithi nchi iliyochoshwa na vita, yenye bajeti ndogo na shule nyingi za misheni zilizopoteza walimu wake Wajerumani. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, iliyogharimiwa kutoka Marekani, ilipita Afrika Mashariki na kupendekeza serikali na misheni zishirikiane. Mwaka 1925 Gavana Donald Cameron aliitisha mkutano wa elimu Dar es Salaam, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1927 ikaweka utaratibu: misheni itakayofuata silabasi, kukubali mkaguzi na kuajiri walimu wenye cheti itapata ruzuku. Kwa shilingi hizo shule ya sala ilianza kugeuka shule ya mtihani, na Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya ofisi mpya, kikapanda ngazi ndani ya kuta za misheni. UMCA ilikuwa imeshahamisha chuo cha Mtakatifu Andrea kutoka Kiungani kwenda Minaki, jirani na Kisarawe, mwaka 1925. Wakatoliki nao walipata agizo lao hapa hapa mjini. Mwaka 1928 Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa, aliwaambia maaskofu waliokusanyika Dar es Salaam kwamba pale ambapo hawawezi kubeba vyote viwili, uinjilishaji wa moja kwa moja na elimu, basi waache makanisa yangoje na wazikamilishe shule. Ni vigumu kupata maneno yanayofichua zaidi. Kanisa lilikuwa limeusoma mchezo kama maaskofu wa Charlemagne walivyousoma: atakayewafundisha makarani wa serikali leo atawafundisha wakubwa wake kesho.

Hapo patainuka pingamizi la kwanza, tena la haki kulijibu. Kuna wasemao kwamba Waislamu wa pwani walijinyima wenyewe. Milango ilikuwa wazi, wakakataa kuingia, na kulalamika sasa ni kumlaumu mpishi kwa chakula usichokionja. Ni kweli wengi walikataa. Lakini mlango ule ulikuwa na kizingiti. Mtoto aliyepokelewa alitarajiwa kusali sala za wenyeji wake, mara nyingi kubatizwa, na mara nyingi kubadili jina, na wamisionari hawakuwa wanafiki katika hilo. Walisema waziwazi kwamba shule ilikuwapo ili kuleta watu kwa Kristo. Mzazi aliyeogopa kumpoteza mwanawe alikuwa amewaelewa vizuri. Zaidi ya hapo, pale ambapo kizingiti hakikuwapo, wazazi hao hao waliingia. Waliingia shule za Wajerumani. Waliingia shule za serikali ya Kiingereza mjini. Miaka ya 1930, Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, ambamo Kleist Sykes alikuwa mmoja wa viongozi, ilijenga Kariakoo shule iliyofundisha Kurani pamoja na masomo ya kisasa. Watu wanaochukia elimu hawachangishani kuijenga. Tatizo lao lilikuwa kwamba ruzuku kubwa ilielekezwa mahali ambapo bei ya kuingia ilikuwa imani, na chuo cha Kurani, chenye wanafunzi na walimu wake, kilihesabiwa kuwa si shule. Ulaya ya karne ya 12 ilikuwa na unyenyekevu mkubwa zaidi katika jambo hili: huko Toledo wasomi wa kanisa kama Gerard wa Cremona waliketi wakatafsiri vitabu vya Kiarabu vya nyota, tiba na hesabu, na shule za maaskofu zikatajirika kwa elimu hiyo. Dar es Salaam iliazima msamiati wa chuo, na chuo chenyewe ikakiacha nje barazani.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine, nalo ni zito zaidi. Kama shule za kanisa zilikuwa chombo cha mtawala, vipi zikamzaa mtu aliyemwondoa mtawala? Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na kuanza kufundisha chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu. Mwaka 1953 alichaguliwa rais wa Tanganyika African Association (TAA). Julai 7, 1954 TANU ikazaliwa. Machi 1955 akaacha ualimu kwa sababu kazi mbili hazikuchanganyika tena. Benjamin Mkapa naye alipitia Pugu. Ukweli huu lazima ukubaliwe bila kumung'unya maneno: shule iliyofundisha kusoma sheria ya mtawala haiwezi kuzuia mwanafunzi kuona pale ambapo mtawala mwenyewe anaivunja. Shule ya kanisa kuu la Paris ililea chuo kikuu ambacho wasomi wake hawakukoma kubishana na maaskofu waliowalea. Lakini angalia namna TANU ilivyozaliwa. Mwalimu wa Pugu alitoka vilimani akashuka mjini, na mjini alikuta chama kilichokwisha jengwa na watu wa Kariakoo, wakiwemo watoto wa Kleist, Abdulwahid na Ally Sykes, pamoja na masheikh na wafanyabiashara wenye wafuasi na heshima. Mmoja alikuwa na shahada ya Uingereza. Wengine walikuwa na mji. Kwa muda mfupi elimu mbili zilizokuwa zimetenganishwa na ruzuku ziliketi kwenye benchi moja pale New Street, barabara iitwayo sasa Lumumba, na nchi ikapata uhuru ndani ya miaka minane. Kwa hiyo pingamizi hili haliivunji hoja yetu, linaikamilisha: kalamu ya padri ilikomboa pale ilipokutana na wale iliokuwa imewaacha nje.

Serikali huru iliielewa nguvu ya muhuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa aliyekuwa ameushika ni mwalimu wa zamani wa shule ya kanisa. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikuja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na kuanzia 1970 shule za misheni, Pugu na Minaki zikiwemo, zikawa za taifa. Seminari za kuandaa mapadri ziliachwa. Wapo wanaohesabu hatua hiyo kuwa unyang'anyi, na wapo wanaosema haikubadili kitu. Wote wanakosea kidogo. Ilibadili kizingiti: mtoto wa Kilwa au Rufiji sasa aliweza kulala bweni la Pugu bila mtu kumuuliza dini yake. Ila haikuweza kubadili yaliyotangulia. Kilimanjaro na Bukoba, ambako misheni zilikuwa zimepanda shule kila kijiji kwa ruzuku ya miaka 40, zilikuwa na akina mama waliojua kusoma na walimu waliostaafu katika kila ukoo. Ukanda wa pwani haukuwa nao. Mtihani ulikuwa mmoja, lakini watahiniwa hawakuanzia mstari mmoja, na serikali haina sheria inayotaifisha maktaba ya nyumbani.

Baadaye gurudumu likazunguka tena. Uchumi ulipodhoofika serikali ililegeza mkono, shule binafsi zikaruhusiwa, na mwaka 1992 makanisa yalitia saini na serikali makubaliano kuhusu huduma za elimu na afya, makubaliano ambayo Waislamu wengi wamekuwa wakiyahoji hadi leo kwa sababu wanakumbuka ruzuku ya 1927. Viunga vilivyokuwa mashamba ya minazi na mikorosho vikajaa watu, na shule zikafuata watu. Wajesuiti walifungua Loyola Mabibo mwaka 1995. Mbagala ina Mtakatifu Antoni. Na kwa upande wa pili, Kinondoni, yaliko makao ya BAKWATA, ina shule yake ya sekondari ya Kiislamu, ishara kwamba somo la Al-Jamiatul halikusahauliwa. Asubuhi mabasi ya manjano yanapita Mbagala na Tegeta yakichukua watoto wa kila dini kuwapeleka shule za masista, na hakuna anayedai ubatizo. Kizingiti hakijaondoka, kimebadili sura: zamani kilikuwa imani, sasa ni ada. Na muhuri bado uko pale pale, maana kinachomfanya mzazi akope ili alipe ada ile ni matokeo ya mtihani wa taifa, yaani hukumu ya serikali juu ya kazi ya sista.

Mwenye kutetea kanisa atasema kwamba majengo, umeme na mishahara havilipwi kwa sala, na kwamba kanisa linapojenga shule linaipunguzia serikali mzigo. Ni kweli, na mwaka 2016 serikali yenyewe ilifuta ada hadi kidato cha nne katika shule zake, kwa hiyo huko ada peke yake haimnyimi mtoto dawati. Lakini dawati na dawati si sawa, na kila mzazi wa Chamazi anajua tofauti ya darasa la watoto 40 na la 100. Hapa Zama za Kati, ambazo tumezizoea kuziita za giza, zina neno la kutuambia. Mwaka 1179 Mtaguso wa Tatu wa Laterano uliagiza kila kanisa kuu litenge pato la kumtosha mwalimu, ili awafundishe makleri wa kanisa hilo na wanafunzi maskini bila malipo, na ukakataza kuuza ruhusa ya kufundisha. Agizo halikutekelezwa kila mahali, na mwaka 1215 mtaguso mwingine ulilazimika kulirudia. Hata hivyo liliweka kipimo ambacho kanisa lenyewe lilijipimia, nacho bado kinafaa. Miaka zaidi ya 150 iliyopita shule hizi zilianza, pale Bagamoyo na Kiungani, na watoto ambao hawakuwa na chochote wala yeyote. Zikapata nguvu pale mtawala alipozipa muhuri wake. Serikali ina haki ya kuuliza, kila inapotoa msamaha wa kodi, kiwanja au makubaliano, kama mtoto wa aina ile ya kwanza bado anaweza kuingia. Na kanisa linalojivunia kwamba lilimkomboa mtumwa akaketi darasani linapaswa kuwa la kwanza kutaka kulijibu swali hilo.